Mustang ya 1968 imelala nyuma na inadunda ikiondoka: springi mpya za pleti au mikono minne?

JogooWaIlazo

Wakuu salaam. Naomba msaada wa wanaozijua springi za gari za Kimarekani za zamani.

Gari ni Ford Mustang ya 1968, kupe ya milango 2, V8 ya inchi za ujazo 302, giaboksi otomatiki ya C4, difu ya inchi 8. Nyuma ina springi za pleti 4 kila upande, na kwa muonekano ni zile zile za kiwandani. Shokapu ni za bei ya chini, bushi za macho ya springi (vitanzi vya ncha zake) zimepasuka.

Shida zake: nyuma imelala, kushoto zaidi ya kulia. Ukikanyaga mafuta ghafla kwenye lami kavu, nyuma inadunda mara kadhaa ndipo tairi zinashika. Na ikibeba bi harusi na mpambe wake kiti cha nyuma, kwenye matuta ya kuelekea Ihumwa ekseli inagonga raba za bodi.

Kazi ya gari ni harusi za wikiendi hapa Dodoma, na mara chache Iringa kwa njia ya Mtera, au Kondoa. Mashindano hapana.

Nimepewa mawazo manne: kuongeza pleti moja ya Hilux kila upande, kuagiza springi mpya kamili, kutoa pleti zote na kuweka mikono minne (vyuma vinne vya kushika ekseli) na koilova (koili iliyovikwa kwenye shokapu), au kufunga shokapu za upepo nipandishe nyuma. Nichague lipi, na kwa nini? Bajeti ipo ila sitaki kununua kitu kimoja mara mbili.

Fundi_Kizota

Mkuu, acha pochi kwanza, chukua futi.

Weka gari kwenye sakafu iliyo sawa (sakafu ya kituo cha mafuta ina mteremko wa maji, isikudanganye), upepo wa tairi uwe sawa pande zote, tangi nusu, buti tupu. Kandamiza bodi juu chini mara kadhaa ili bushi na pleti zikae, kisha pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote 4. Andika kwa milimita.

Pili, jeki ya magurudumu chini ya difu, katikati kabisa, nyanyua hadi tairi za nyuma ziachie sakafu kidogo. Simama nyuma uangalie bodi. Ikinyooka, ulalo unatoka kwenye springi za nyuma. Ikibaki imeinamia kushoto, mkosaji ni koili ya mbele, na hapo springi mpya za nyuma hazitakusaidia kitu. Usiingie uvunguni kwa jeki peke yake.

Tatu, kipimo cha saruji. Chukua mifuko 2 ya kilo 50, ipange katikati ya buti, katikati ya mifuko iwe kama sm 60 nyuma ya mstari wa ekseli. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma Mustang hiyo ina inchi 108, yaani sm 274. Kwa kuwa mzigo umekaa nyuma ya ekseli, ekseli inabeba zaidi ya kilo 100: 100 × (274 + 60) ÷ 274 = kilo 122, kila springi 61. Pima kila upande umeshuka milimita ngapi. Gawanya 61 kwa milimita hizo, unapata kilo kwa milimita. Zidisha kwa 56, unapata paundi kwa inchi, ambacho ndicho kipimo utakachokikuta kwenye katalogi za Wamarekani.

Lete namba ndipo tuongee.

V8_Nkuhungu

Mimi nasema mikono minne, mjadala umefungwa. Springi za pleti ni teknolojia ya mkokoteni. Pleti ile ile inabeba uzito, inashika ekseli isiende mbele wala nyuma, inazuia isiende pembeni, na bado inatakiwa izuie difu isijizungushe ukikanyaga mafuta. Ndiyo maana inadunda. Ukiweka mikono minne, mikono inashika ekseli na koili inabeba uzito tu. Chevelle za 1964 hadi 1972 zilitoka kiwandani na mikono minne na koili. Mustang yenyewe ilihamia huko 1979. Na urefu unaurekebisha kwa spana kwenye koilova, gari likiinama upande mmoja unalinyoosha. Bajeti ipo, fanya mara moja.

PletiMama_DOM

V8_Nkuhungu, maelezo yako ya pleti ni sahihi kabisa, ila umeruka jambo moja. Chevelle ina chasisi ya peke yake, chuma kizito kilichotengenezwa kwa ajili ya mikono hiyo. Mustang ya 1968 haina chasisi ya kujitegemea. Bodi ndiyo chasisi, na mihimili ya chini ni bati lililokunjwa. Springi ya pleti inagawa mzigo sehemu mbili zilizo mbali: jicho la mbele karibu na mlango na shakeli (kiungo kinachobembea) kule mwisho wa buti. Koilova inarudisha uzito wote wa nyuma kwenye sehemu moja juu ya ekseli, mahali ambapo kiwandani paliwekwa kwa ajili ya shokapu tu. Lazima uchomelee mhimili mpya kutoka upande hadi upande, na mhimili huo uchomelewe kwenye bati ambalo lina zaidi ya miaka 50.

Shokapu za upepo nazo zinaanguka kwa sababu hiyo hiyo. Ukizijaza upepo zibebe gari, uzito unahamia kwenye bati la juu la shokapu. Litapasuka kuzunguka studi, na utaanza kusikia mlio kwenye buti kabla hujaona ufa.

Halafu kuna kuchomelea mabano kwenye bomba za ekseli. Joto likiingia upande mmoja tu, bomba linapinda. Milimita 1 ya kupinda huioni kwa macho, lakini beringi ya ekseli itaisikia, sili itavuja na mafuta ya difu yataingia kwenye viatu vya breki. Kazi hiyo inatakiwa ifanyike ekseli ikiwa imefungwa kwenye fremu ya kunyooshea, kuchomelea kidogo kidogo kwa kuzungusha, na kupimwa upya mwishoni. Mafundi wa namna hiyo wapo, ila uliza kwanza kama wana vifaa vya kupimia, usiulize kama wanaweza kuchomelea.

Na vumbi. Seti nyingi za mikono minne zinatumia joinia za tufe la chuma kwenye ncha. Kwenye lami safi zinadumu. Kwenye vumbi letu zinaanza kupiga kelele mapema, na ukizitafuta kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar, hazipo, kila moja unasubiri ije kwa ndege. Bushi ya raba ya jicho la springi, hata ikikosekana, fundi wa mashine ya lesi anaweza kukuchongea bomba la nje na kukutafutia raba inayokaribia.

Kwa gari la kubeba bi harusi mimi siwezi kumshauri mtu mikono minne. Kwa gari la mbio, ndiyo.

Sasa pleti ya Hilux. Pleti za Mustang zina upana wa inchi 2.5, sawa na mm 63.5. Za Hilux ni mm 60. Hiyo mm 3.5 inayobaki inaifanya pleti itembee ndani ya klipu, na siku ikikaa upande inakula kona za mwenzake. Lakini kubwa zaidi ni unene. Ugumu wa pleti unapanda kwa unene ukizidishwa mara tatu kwa wenyewe. Pleti ya mm 8 dhidi ya ya mm 6.5 yenye upana na urefu ule ule: 8 × 8 × 8 = 512, na 6.5 × 6.5 × 6.5 = 275 hivi. Karibu mara mbili. Fundi atakuambia "nimeongeza pleti moja tu", kumbe ameongeza mbili kasoro. Na mkunjo wake haufanani na wa pleti mama (ile ndefu yenye macho), kwa hiyo inagusa kwenye ncha tu au katikati tu, mzigo unakusanyika hapo, na pleti mama inavunjika kwenye alama hiyo. Gari litanyanyuka, ndiyo. Likiwa na dereva peke yake kwenye rasta utahisi kama unaendesha lori tupu.

JogooWaIlazo

Namba hizi hapa wakuu.

Mbele kushoto 346, kulia 345. Nyuma kushoto 317, kulia 331. Jeki chini ya difu: bodi ikanyooka. Saruji: kushoto imeshuka mm 47, kulia mm 38.

Fundi_Kizota

Safi sana, hapo pameshaongea.

Kulia: 61 ÷ 38 = 1.6, mara 56 ni kama paundi 90 kwa inchi. Kushoto: 61 ÷ 47 = 1.3, kama 73. Tofauti hiyo ni kubwa mno.

Watu wanafikiri springi iliyolala imekuwa laini. Hapana. Chuma hakipotezi ugumu wake kwa kuzeeka. Springi iliyolala imepoteza mkunjo, yaani imekaa chini, lakini ukiiongezea kilo 61 inashuka milimita zile zile ilizokuwa ikishuka ilipokuwa mpya. Kwa hiyo kulia kumelala tu. Kushoto kumelala na kuna pleti isiyofanya kazi: imevunjika, au imepasuka na inajifunua ikipata mzigo.

Itafute hivi. Weka gari kwenye stendi, stendi zikae kwenye mihimili ya bodi mbele ya jicho la springi, ekseli ining'inie. Piga brashi ya waya, osha springi ya kushoto kwa mafuta ya taa, acha yaingie robo saa, futa ikauke kabisa kwa tambara. Sugua chaki nyeupe kando ya kila pleti, hasa inchi 4 mbele na nyuma ya bolti ya kati, na pale klipu zinapokamata. Nyanyua ekseli kwa jeki ipate mzigo, shusha, nyanyua tena. Ufa utatema mafuta ya taa na kuchora mstari mweusi kwenye chaki.

Ukiwa huko chini, gonga kwa bisibisi sehemu ambayo jicho la mbele linaingia kwenye mhimili wa bodi. Dodoma ni kukavu, lakini hujui gari liliishi wapi kabla. Sehemu hiyo inakusanya matope ndani na kuoza kutoka ndani kuja nje. Bisibisi ikizama, bati litengenezwe kwanza. Springi mpya kwenye bati bovu ni hatari kuliko springi mbovu kwenye bati zima.

Mhunzi_Majengo

Naongeza moja kabla hujashawishiwa "kukunja upya" springi za zamani. Kuna kukunja baridi kwa presi, nyundo ndogo ndogo kila sm 3 au 4. Hiyo inarudisha urefu, ila inashuka tena sehemu kubwa ndani ya muda mfupi. Na kuna wanaopasha kwenye mkaa hadi ikawa nyekundu, wanakunja, wanatumbukiza kwenye oili chafu, basi. Hapo chuma kimekuwa kigumu kama kioo. Chuma cha springi kama SUP9 kinatakiwa kipashwe hadi nyuzi 850 hivi, kizimwe kwenye oili, halafu kirudishwe kwenye tanuru kwa nyuzi 450 hadi 500 kilainike kiasi. Wengi hawana tanuru la hatua hiyo ya pili. Pleti inavunjika bila hata kuonya. Na usiruhusu mtu kupasua kwa gesi au kuchomelea klipu juu ya pleti, hata nukta moja. Nukta hiyo ndiyo itakuwa mwanzo wa ufa.

JogooWaIlazo

Fundi_Kizota, chaki imesema. Pleti ya pili kutoka juu, kushoto, mstari unapita kwenye tundu la bolti ya kati hadi ukingoni. Bati la jicho la mbele ni zima pande zote. Kwa hiyo naagiza springi mpya. Zipo za pleti 4, za pleti 4 na nusu, za pleti 5, na wanaandika jicho la kawaida, la kati, la kugeuzwa. Nimepotea.

PletiMama_DOM

Agiza jozi. Usibadili kushoto peke yake.

Jicho ni habari ya urefu wa gari. Jicho la kawaida limekunjwa kwenda juu, gari linakaa urefu wa kiwandani. La kati linashusha gari kama inchi 1. La kugeuzwa linashusha zaidi. Hayo mawili ni ya watu wasio na matuta. Chukua la kawaida.

Idadi ya pleti yenyewe haikuambii kitu, kwa sababu unene unatofautiana kwa kila mtengenezaji. Mwulize muuzaji paundi kwa inchi, na urefu wa mkunjo ikiwa huru. Asiyeweza kukupa namba hizo mbili, mwache. Springi yako nzima ya kulia ni 90. Kwa matumizi yako tafuta 120 hadi 140, na kwa wauzaji wengi hiyo inaangukia kwenye pleti 4 na nusu. Fanya hesabu: 130 ÷ 56 = kilo 2.3 kwa milimita. Mzigo ule ule wa kilo 61 utaishusha mm 26 badala ya 38. Ukijumlisha na urefu utakaorudi kwa kuwa springi ni mpya, ekseli haitagusa raba kwenye tuta la kawaida ukiwa na watu wawili nyuma. Ukienda 175 itashuka mm 20, faida ya mm 6 tu, halafu kila siku ambayo gari ni tupu utalipia kwa mgongo wako. Na nyuma ikiwa ngumu mno kuliko mbele, kwenye kona za Mtera mvua ikinyesha nyuma itataka kutangulia.

Agiza kwa pamoja: yubolti 4 mpya (bolti za umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi) na nati zake 8, bolti za macho ya mbele, shakeli na raba zake, raba za kugongea za bodi, na pedi kama zipo. Yubolti usirudishe za zamani. Zikishakazwa mara moja zimevutika, ukizikaza tena hazishiki ule mvuto wa kwanza.

Bushi: raba. Utaona wanasifia zile za plastiki ngumu, nyekundu au nyeusi. Springi ya pleti inajisokota kila bodi inapolala kwenye kona, na plastiki ngumu haitaki kusokotwa, kwa hiyo msokoto unahamia kwenye pleti mama. Halafu zinahitaji grisi ya silikoni kila mara, na grisi ikishakutana na vumbi la hapa inageuka msasa. Kwa sababu hiyo hiyo usipake grisi katikati ya pleti. Springi nzuri zinakuja na vipande vya plastiki kwenye ncha za pleti, hivyo vinatosha. Kama hazina, unga mkavu wa grafaiti.

DerevaWaMtera

Na kudunda je? Naona watu wamesahau shida ya pili.

Ukikanyaga mafuta, tairi inazunguka mbele, difu inataka kuzunguka kinyume, pua yake inapanda juu. Nusu ya mbele ya springi inajipinda mfano wa herufi S. Inafika mwisho, tairi inapoteza mshiko, springi inafyatuka na kunyooka, tairi inashika tena, mchezo unaanza upya. Ndiyo yale madundo. Camaro zote za 1967 zilikuwa na pleti moja tu kila upande na ugonjwa huo uliwasumbua. 1968 Chevrolet wakaweka shokapu moja mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake, na matoleo yenye nguvu yakapewa pleti nyingi. Chrysler wao walisogeza ekseli mbele kwenye springi, kipande cha mbele kikawa kifupi na kigumu kupinda.

Kwa hiyo pleti iliyopasuka, bushi zilizokufa na shokapu hafifu vyote vinazidisha tatizo hilo. Badilisha hivyo kwanza, jaribu, ndipo ufikirie vyuma vya kuzuia kudunda. Vile vya bei rahisi ni mhimili unaofungwa chini ya springi, mbele una raba inayosubiri kugonga chini ya jicho. Raba iwe chini kabisa ya jicho lenyewe, si chini ya pleti nyuma ya jicho, vinginevyo utaikunja pleti mama. Acha nafasi ya mm 12 hadi 25. Shida yake kwa hapa kwetu ni kwamba inaning'inia chini. Matuta ya vijijini yaliyojengwa kwa kukadiria yataikwangua kila siku. CalTracs, aina nyingine ya vyuma hivyo, inakaa juu zaidi na inafanya kazi vizuri, ila kwa 302 na C4 ya kawaida, gari la harusi, huihitaji. Njia ya katikati: klipu za bolti 2 zaidi kwenye nusu ya mbele ya springi, kati ya ekseli na jicho, zikamate pleti kwa pamoja. Nusu ya nyuma iache huru ifunguke, ndiyo inayokupa ulaini.

Na usiweke vipande vya kushushia kati ya ekseli na springi. Kila inchi unayoongeza pale inairefushia difu mkono wa kuipindia springi.

Fundi_Kizota

Springi zikifika, kufunga ni siku moja kwa watu wawili kama bolti hazijashikana. Bolti ya jicho la mbele mara nyingi imeshikana na bomba la ndani la bushi. Usipige nyundo hadi bati la mhimili lipinde. Kata kwa grainda pande zote za bushi, ndiyo maana nimefurahi umeagiza bolti mpya.

Legeza upande mmoja kwa wakati, mwingine uache umefungwa ushike ekseli mahali pake. Ekseli iwe juu ya jeki, springi isiwe na mzigo kabla hujagusa bolti ya jicho. Na springi ya zamani usifungue bolti ya kati bila klampu mbili za G, pleti zinafyatuka.

Kichwa cha bolti ya kati lazima kiingie kwenye tundu la kiti cha ekseli. Watu wanakaza yubolti kikiwa hakijaingia sawasawa, ekseli inakaa mshazari, gari linatembea kama kaa na fundi wa wilo alaimenti anahangaika na mbele bure. Kaza yubolti kwa msalaba, kidogo kidogo, kwa toki renchi na namba za kitabu cha ufundi cha Ford cha mwaka huo huo. Rudia kukaza baada ya kilomita 100, na tena baada ya 500.

Bolti za macho na shakeli zifunge kwa mkono tu hadi gari lishuke chini kwenye tairi zake. Ndipo uzikaze za mwisho. Raba za bushi zimeshikana na chuma, hazizunguki, zinasokotwa. Ukizikaza ekseli ikining'inia, gari likishuka zinakaa zimesokotwa muda wote. Zinapasuka mapema, na gari linasimama juu kuliko inavyotakiwa hadi siku zinapochanika, halafu unalaumu springi.

Shakeli iangalie pia. Springi ikipata mzigo inarefuka, kwa hiyo shakeli inatakiwa iwe imeegemea nyuma kwa chini ili ipate njia ya kwenda. Ikiwa wima siku ya kwanza, isikutishe, springi mpya zina mkunjo mwingi na zitakaa. Ikiegemea mbele, simama, kuna kitu hakiko sawa kwenye urefu.

Mwisho, pembe ya pinioni (gia ya puani mwa difu inayoshikana na propela, shafti itokayo giaboksi). Hapa wengi wanaishia na mtetemo kwenye kasi ya 80 na kubadili krosi zisizo na kosa. Gari likiwa kwenye tairi, weka simu yenye programu ya kupimia mshazari kwenye uso ulionyooka wa nyuma ya giaboksi, kisha kwenye uso wa pinioni. Tuseme giaboksi inainama nyuzi 3 kwenda nyuma. Kama ingekuwa koili ungeiweka pua ya difu ipande nyuzi 3, vilingane. Kwa pleti unaiweka chini kidogo, ipande nyuzi 1 tu, kwa sababu ukikanyaga mafuta itapanda yenyewe na kufikia usawa. Tofauti ya nyuzi 2 inatosha kwa gari la barabarani. Ukihitaji kurekebisha, weka kabari ya chuma kati ya springi na kiti cha ekseli. Upande mnene ukiwa nyuma, pua inashuka. Upande mnene ukiwa mbele, inapanda. Kabari za alumini usichukue, zinasagika. Na kumbuka kabari inakula urefu wa kichwa cha bolti ya kati, hakikisha bado kinaingia kwenye tundu.

Sukuma propela ndani ya giaboksi gari likiwa chini: ibaki na mm 20 hivi kabla ya kugonga mwisho. Na bomba la breki la raba linaloshuka kwenye ekseli, nyanyua bodi ekseli ining'inie kabisa, lisivutike.

JogooWaIlazo

Nimewaelewa wote, shukrani. Mbili ndogo: shokapu za aina gani, na niweke stabilaiza (chuma cha kupunguza gari kulala kwenye kona) nyuma?

PletiMama_DOM

Shokapu za gesi za kawaida, KYB au Monroe zinazoandikwa kwa gari hilo, zinatosha. Usiagize kabla springi hazijakaa. Fanya safari kadhaa, kisha pima kutoka studi ya juu hadi ya chini gari likiwa tupu, na uchague shokapu ambayo kwenye urefu huo ina angalau mm 75 za kuingia na mm 75 za kutoka. Shokapu fupi ikifika mwisho kabla ya ekseli kugonga raba, ndiyo inayobeba kipigo chote, na bati la juu linapasuka kama nilivyosema kwenye zile za upepo. Kwa kufunga, nati za juu zinafikiwa kwa ndani, kutokea kwenye buti. Ziloweshe mafuta jana yake.

Stabilaiza ya nyuma acha. Umepandisha springi kutoka 90 hadi 130, tayari umeongeza ukaidi wa nyuma kulala kwenye kona. Ukiongeza na stabilaiza, nyuma itateleza kabla ya mbele. Kama gari linalala sana kwenye kona, nenepesha ya mbele.

V8_Nkuhungu

Nimekubali kwa gari la harusi. Ila siku akiweka injini ya 428, tutarudi hapa.

Fundi_Kizota

Akiweka 428 ataanza na difu. Ile ya inchi 8 haitavumilia.